Mkono Uliokosa Kupimwa

Mteja wa kwanza kutukimbia alikuwa dereva wa lori, mtu wa kitambi aliyekuwa akipita Shelui kila wiki na asiyeweza kuondoka bila kula kuku wetu. Siku hiyo alikaa kwenye benchi la kibanda chetu kama kawaida, akaagiza nusu kuku na ndizi za kuchoma, akaanza kutupa habari za barabarani. Mume wangu alikuwa anakata kuku. Moto wa jiko ulikuwa mkali, alikuwa amekunja mikono ya shati, na kwenye viwiko vyake vyote viwili yale mabaka mekundu yenye magamba meupe yalionekana wazi. Dereva akaangalia. Akaikatiza habari yake katikati. Halafu akainuka, akasema anakwenda kutazama tairi. Tairi gani, jamani? Lori lilikuwa hapo hapo mbele yetu. Nikamwona kwa macho yangu akipanda, akiwasha, akiondoka.

"Labda tajiri wake kampigia simu," mume wangu akasema.

"Kampigia kwa tairi," nikamjibu.

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Alikuwa mtu wa kucheka huyo, hata pale ambapo mimi nilikuwa natafuta cha kurusha. Ile nusu kuku tukaila wenyewe. Wakati ule nilidhani tunachopoteza kwa sababu ya ile ngozi ni wateja. Kumbe tulikuwa tunampoteza yeye mwenyewe, polepole, na karibu kila mtu tuliyemjua alikuwa anasaidia kazi hiyo.

Ilianza kwenye viwiko, ikaenda magotini, ikashuka miguuni, ikapanda kichwani mpaka nyuma ya masikio. Ilikuwa inakuja na kuondoka. Miezi mingine anapoa kabisa, tunamshukuru Mungu, halafu asubuhi moja naamka nakuta shuka imejaa magamba kama tulikuwa tunapara samaki kitandani. Nilikuwa naikung'uta nyuma ya nyumba kabla majirani hawajatoka, maana majirani zangu wana macho.

Na kila mtu wa Shelui akawa daktari. Mmoja alisema ni ukoma. Mwingine akasema fangasi. Mama mmoja muuza nyanya, mtu tunayesalimiana vizuri tu kila siku, alimwambia mwenzake nikiwa nasikia kwamba mume wangu alitembea na mke wa mtu, na huyo mke alikuwa ametegeshewa na mumewe dawa ya kunasa wazinzi. Wee! Nikamgeukia. "Dada, mimi ndiye ninayelala naye, na sina hata kipele. Huyo mke wa mtu ulimwona wewe?" Akajitia kupanga nyanya zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Dawa tulizopaka, usiniulize. Krimu za tyubu kutoka duka la dawa, ambazo zilimtuliza kidogo halafu ugonjwa ukarudi na hasira zaidi. Mafuta ya alizeti. Magome aliyochemsha mama mkwe wangu, yakamwasha hadi akaingia kwenye pipa la maji na nguo zake. Jamaa mmoja wa Rungwa aliyekuwa akituletea asali akatuambia tupake asali mbichi mwili mzima kabla ya kulala. Tukapaka. Kulipokucha sisimizi walikuwa wamejaa kitandani, mimi nimesimama juu ya stuli natukana, na yeye amelala pale pale anacheka, anasema angalau sisimizi hawamwogopi. Nilimrushia mto.

Mwaka uliofuata vidole vikaanza kuvimba. Kidole kizima, kuanzia shina hadi ncha, kinakuwa kinene na chekundu, na kucha zilikuwa na vishimo vidogo vidogo. Asubuhi alikuwa hawezi kushika kisu mpaka jua lipande. Visigino navyo vilimuuma, akawa anatembea kama mtu aliyekanyaga moto. Alikwenda zahanati, akaambiwa ni baridi yabisi, akapewa vidonge vya maumivu. Akarudi tena kwa ajili ya ngozi, akaambiwa ni pumu ya ngozi, akapewa krimu. Mtu ni yule yule, mwili ni ule ule, lakini hakutokea hata mmoja wa kuviangalia vile vidole na vile viwiko kwa pamoja. Vidonge vilipokwisha akawa anajinunulia dukani, anameza kila siku kama karanga, kwa sababu kuku hawajichinji wenyewe na wateja wachache waliobaki walikuwa wanataka kula.

Lakini kilichomvunja hasa si dereva wala muuza nyanya. Kilimvunja chakula cha msibani.

Baba yake mdogo alifariki, tukaenda Kinampanda, kwao mume wangu. Kwetu msibani wanaume wanakaa mkekani, watu wanne au watano wanazunguka sinia moja la ugali na nyama, wananawa, wanakula kwa mikono. Ndivyo wanavyofanya tangu wazaliwe, na ugomvi wa mashamba wanaumalizia hapo hapo kwenye sinia. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, karibu na mafiga, nawaona vizuri. Mume wangu akanawa, akakaa. Mmoja akasema ameshiba, na hakuwa amekula kitu tangu asubuhi, maana chai nilimnyima mimi mwenyewe kwa kuwa haikutosha. Akaondoka. Wa pili akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akaondoka anaongea na simu ambayo haikuwa imeita. Wa tatu hakujisumbua hata kudanganya, alihama tu sinia.

Halafu akaja kaka yake mkubwa, tumbo moja, ziwa moja. Nikasema moyoni, haya, huyu atakaa naye. Hakukaa. Alikuwa ameshika sahani ya plastiki yenye ugali na kijiko.

"Mdogo wangu, kula hapa ujinafasi," akamwambia.

Kijiko! Mwanaume wa Kinyiramba, kwao, kwenye msiba wa baba yake mdogo, anapewa kijiko. Roho iliniuma mpaka nikamwaga uji niliokuwa naukoroga. Mume wangu aliipokea ile sahani kwa mikono miwili, akasema ahsante kaka, akala akamaliza. Tuliporudi hakucheka njia nzima. Nikajaribu kumchokoza, nikamwiga yule mtu wa simu, wapi. Wiki hiyo hiyo akanunua koti la mtumba, zito, la mikono mirefu, na tangu hapo hakulivua mbele ya mtu. Mwezi wa kumi, jua la Shelui linakausha mate mdomoni, mwenzangu amesimama kwenye jiko la mkaa na koti limefungwa vifungo mpaka kifundo cha mkono. Watu wakamwita Mzungu. Akaacha kukaa mbele, akawa anachinja na kunyonyoa nyuma ya kibanda, mimi ndiye nauza.

Huko nyuma ndiko alikoanza kuumwa kichwa. Kichwa cha kisogoni, kila asubuhi. Akiinama kuokota ndoo, anashika ukuta kwanza. Nikamwambia hiyo ni presha, mama yangu mzazi alikuwa nayo, naijua inavyoanza. Akasema ni moshi wa mkaa. Tukabishana juu ya moshi wa mkaa msimu mzima.

Ndipo ikatangazwa kwamba watu wanakuja kupima afya bure pale pale kwenye maegesho ya malori, madereva na wananchi wote. Wakafunga hema, wakaweka meza, na spika ya kutangazia. Nilimbembeleza mume wangu siku nzima. Nikamwambia akipimwa presha nitaacha kumsumbua mpaka mwaka uishe, na hiyo ilikuwa ahadi kubwa kutoka kwangu, alijua. Akakubali. Tukasimama kwenye foleni juani, yeye na koti lake.

Tulipofika mezani, nesi akamwambia, "Baba, vua koti."

Akanitazama. Nikamwambia vua. Akafungua vifungo kimoja kimoja kwa vile vidole vyake vilivyovimba, akalivua, akaweka mkono mezani. Nesi alikuwa ameshashika ule mkanda wa mashine ya presha. Akauona mkono. Akauweka mkanda chini.

"Baba, hii mashine moja tunapimia watu wote hawa," akasema, na hakuwa na ukali wowote, hicho ndicho kinachonikera mpaka leo, alisema kwa upole kabisa. "Nikikufunga hapo, walioko nyuma watakataa. Nenda kwanza katibu ngozi. Ikipona uje tukupime."

"Kwani presha iko kwenye ngozi?" nikamuuliza.

"Mama, usinifundishe kazi."

"Si umfunge juu ya shati? Si uweke hata kitambaa? Chukua khanga yangu hii."

"Mama, foleni ni ndefu."

Nikageuka nyuma. Watu wote wananitazama, na yule muuza nyanya yumo. Nikaanza kufoka, na nikianza huwa sijui breki ziko wapi, nikaitukana meza, nikalitukana hema, nikaitukana na spika. Mume wangu alikuwa ameshavaa koti lake. Akanishika bega.

"Twende mke wangu. Achana nao."

Yule aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akakaa kwenye kiti, akafungwa mkanda, akaambiwa presha yake iko safi. Alikuwa kijana wa kucheza mpira, hata mimi ningemwambia hivyo bila mashine.

Baada ya hapo nilifanya kila kitu. Nilimwambia twende zahanati, twende mkoani, twende hata kwa mganga mwenye mashine. Nilimnunia. Nilimpikia mlenda anaoupenda, nikamkumbusha katikati ya mlenda. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Nimeshavua mara moja." Mimi nilijua yuko kwenye hatari, yeye alijua pia, tena alikuwa ananiambia kichwa kinavyomgonga. Lakini mwanaume yule aliona afadhali kichwa kipasuke kuliko kuweka tena mkono wake juu ya meza ya mtu. Nilikuwa namkasirikia sana. Mpaka leo bado nina hasira naye kidogo, Mungu anisamehe.

Ikawa asubuhi moja, kuku wamefungwa miguu, maji yanachemka. Nilisikia ndoo inaanguka nyuma ya kibanda. Nikamwita, hakujibu. Nikaenda nikamkuta amekaa chini, kuku mmoja amefunguka anarukaruka, na mdomo wake umekwenda upande. Mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Alikuwa anajaribu kuniambia kitu na maneno yanatoka kama mtu mwenye chakula mdomoni. Kiharusi. Hakuhitajika mtu wa kunieleza.

Nikapiga yowe, mwenye bajaji akaja. Tulikuwa tunamwinua kumpandisha wakati gari la shemeji yangu lilipofika, yule yule kaka mkubwa, alikuwa amekuja Shelui kuuza alizeti. Akashuka mbio, nikashukuru Mungu, gari ni bora kuliko bajaji.

"Mnampeleka wapi?"

"Hospitali, shemeji."

"Hospitali? Unataka kumuua?" Akawageukia wanaume waliokuwa wamejaa pale. "Hiki si cha hospitali. Mtu wa namna hii akichomwa sindano tu, anakwenda. Anatibiwa nyumbani kwanza, sindano baadaye."

Na wanaume wote wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, sindano itamuua. Kila mmoja alikuwa na mjomba wake aliyechomwa sindano akafa. Hakuna aliyejiuliza kama huyo mjomba alifikishwa hospitali akiwa ameshakaa nyumbani wiki nzima anafukizwa moshi. Nilimwambia shemeji, kwa heshima kwanza, kisha bila heshima. Nikamshika mkono wa shati. Akanitoa kama unavyotoa jani lililokuangukia.

"Huyu ni damu yetu," akasema.

Ala! Siku ya sinia hakuwa damu yao.

Wakampakia juu ya magunia ya alizeti, nikapanda na mimi. Tukaenda Kinampanda. Njiani kuna njia panda yenye kibao cha hospitali. Niligonga paa la gari kwa kiganja mpaka kiganja kikafa ganzi, gari halikupunguza hata mwendo. Mume wangu alikuwa amelaza kichwa mapajani kwangu, jicho lake moja linanitazama. Anaelewa kila kitu.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya. Alilia, akatandika ngozi ya ng'ombe, akawasha moto wa kumfukizia mwanawe. Wakamwita mkandaji, mzee anayesifika kwa kukanda waliopooza. Mzee akaja na mafuta yake. Wakamvua mgonjwa koti na shati, na hapo akasita. Akaomba kitambaa. Akajizungushia kitambaa mkono mzima, halafu akawa anamgusa mume wangu kwa ncha za vidole, kama anayejaribu kama chungu bado kina moto. Mtu aliyeletwa kukanda! Nikamwambia, "Babu, shikamoo, nenda kanawe ukanywe chai." Nikachukua yale mafuta nikamkanda mwenyewe, mkono, mguu, mgongo. Nilijua mafuta hayatafanya chochote. Nilikanda kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kumshika, na kwa sababu nilihitaji mikono yangu iwe na kazi, la sivyo ningempiga mtu na kigogo cha moto.

Siku nzima ikaisha hivyo. Kesho yake shemeji alikwenda kumalizia alizeti zake, nikampigia simu dereva mmoja wa lori mteja wetu, mmoja wa wachache waliokuwa bado wanakula kwetu. Akaja hadi uani na lori tupu. Mama mkwe wangu alisimama mlangoni. Nilidhani atanizuia, nikawa nimejiandaa kwa maneno mabaya. Alitazama mdomo wa mwanawe, akasogea pembeni.

Hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke, wa makamo, mchovu, ana viatu vya mpira. Alimshika mume wangu mkono, akatafuta mahali ambapo ngozi imepoa kidogo, akafunga mkanda wa presha. Mimi nilisimama pale nasubiri aseme kitu kuhusu ngozi. Alisoma namba, akasoma tena, akamwita mwenzake. Ilikuwa juu sana. Baadaye, mume wangu akiwa kitandani na dripu, daktari akaniita kwenye benchi la korido.

"Huu ugonjwa wa ngozi anao muda gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na vidole, na visigino, na vidonge vya dukani. Akawa anatikisa kichwa taratibu.

"Unaitwa soriasisi," akasema. "Si ukoma, hauambukizi, na hakurogwa. Kinga ya mwili wake inamshambulia yeye mwenyewe. Na vile vidole ni ugonjwa huo huo, si mwingine. Sasa sikiliza mama. Ule uvimbe unaouona kwenye ngozi hauishii kwenye ngozi, unaathiri na mishipa ya damu. Mwenye soriasisi, hasa ikiwa kali kama hii, hasa ikishaingia kwenye viungo, ana hatari zaidi ya wengine ya kupata kiharusi na ugonjwa wa moyo. Si kwamba kila mwenye nao atapata. Lakini huyu ndiye mtu wa kuangaliwa presha mapema, na sukari, na mafuta kwenye damu. Na hivyo vidonge vya maumivu kila siku, navyo vinaweza kupandisha presha."

"Mtu wa kuangaliwa mapema," nikasema.

"Ndiyo. Kabla hata ya wengine."

Nikacheka. Daktari alidhani nimechanganyikiwa, akaniwekea mkono begani. Nikamweleza habari ya hema, nikamweleza mkanda ulivyowekwa chini, jinsi tulivyoambiwa ngozi ipone kwanza. Hakumtetea yule nesi. Akasema presha ile ilikuwa inatibika, vidonge vyake vipo hata zahanati. Nikamuuliza ingekuwaje kama tungemleta jana asubuhi, moja kwa moja kutoka Shelui. Akasema saa za mwanzo ndizo zenye maana zaidi. Akasema asingeweza kuniahidi kitu, lakini saa za mwanzo ndizo zenye maana.

Sikulia pale. Nilikwenda chooni nikapiga mlango wa bati mpaka mtu wa usafi akaja kuuliza kuna nini.

Tulirudi nyumbani mkono na mguu wa kulia haifanyi kazi, na maneno yamebaki machache. Shemeji akaja kumwona. Akasimama kizingitini na kofia yake mkononi, akamtazama mdogo wake anavyotokwa na mate, akanigeukia mimi. "Unaona sasa? Nilisema. Sindano hizo." Halafu jioni akaandika kwenye kundi la ukoo kwenye simu kwamba mdogo wake yuko chini ya uangalizi wa familia, tumwombee, na watu wote wakajaza ile mikono miwili ya kuomba dua. Simu ililia mpaka nikaizima. Kwenye uangalizi huo nilikuwepo mimi na ndoo.

Nilifunga kibanda. Nikajifunza kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji kwa upande wa mdomo unaomeza. Kila wiki nilimpakia kwenye bajaji kwenda zahanati kupima presha, na nilikuwa nafika pale nimeshakasirika tayari, hakuna aliyethubutu kuniambia neno kuhusu ngozi. Vidonge alimeza. Presha ikashuka, na mimi nikaanza kutamba mtaani kana kwamba nimeishusha kwa mikono yangu. Akaanza kutembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni. Siku moja nilimwaga supu nikapiga kelele, nikasikia sauti ya ajabu nyuma yangu, nikageuka. Alikuwa anacheka. Mdomo nusu tu, lakini anacheka. Nikakaa sakafuni kwenye supu nikalia, na yeye akazidi kucheka, mshenzi.

Mvua zilipoanza, kiharusi kikarudi mara ya pili. Asubuhi tena. Safari hii sikumngoja mtu, tulikuwa kwenye gari kabla maji ya chai hayajachemka. Akafia njiani, kichwa mapajani kwangu. Daktari wa zamu akaniambia nilifanya kila kitu sawasawa. Nilimshukuru. Sijui nilikuwa namshukuru kwa nini.

Akazikwa kwao, Kinampanda, ndivyo ilivyo. Tulifika wanaume wameshajaa uani na maturubai yamefungwa. Maiti ikaingizwa chumbani, maji yakachemshwa, pamba na ubani vikawekwa tayari. Mimi nilikaa na wanawake. Muda ukapita. Nikaona hakuna anayetoka wala anayeingia kule chumbani, ila wanaume wananong'ona kwenye korido. Nikasimama.

"Kuna nini?"

Shemeji akaja kunizuia, ananiongelesha taratibu kama mtoto. Waoshaji wamejadiliana, akasema. Ngozi ya marehemu iko vibaya, wakiiosha kwa maji itachubuka, na dini imeruhusu, maiti asiyeoshika anatayamamishwa, anapanguswa vumbi safi usoni na mikononi, inatosha. Wameshatafuta na kitambaa cha kushikia.

"Nani kasema haoshiki?"

"Shemeji, si hali yake unaijua."

"Naijua. Nimemwosha jana. Nimemwosha juzi. Nimemwosha kila siku kwa maji na sabuni na hajachubuka mahali. Sema mnaogopa kumgusa. Sema hapa, watu wasikie."

Akasema nisilete aibu msibani. Nikamwambia aibu imeshafika, imekaa kiti cha mbele, na ina kofia. Wanawake wakaanza kunivuta khanga. Nikapita katikati yao hadi alipokaa imamu, nikapiga magoti, nikampa shikamoo, nikamuuliza swali moja mbele ya wanaume wote: mke ana ruhusa kumwosha mumewe au hana?

Imamu akatazama chini. Kisha akamtazama shemeji.

"Anayo," akasema. "Tena ana haki kuliko nyinyi wote."

Nikaingia. Nikafunga pazia. Alikuwa amelala pale na shuka jeupe hadi kidevuni, na walikuwa bado hawajamfunua hata mkono. Nikapandisha mikono ya gauni. Mama mkwe wangu akaingia nyuma yangu bila kuitwa, mzee wa watu, anatembea ameshika ukuta. Akakaa kwenye kigoda karibu na ndoo, akaanza kuchota na kunimiminia.

Nilianza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Kichwa, shingo, nyuma ya masikio ambako magamba yalikuwa yanajificha. Nilitumia kiganja, sikutumia kitambaa ila pale dini inapotaka kitambaa. Mama alipoishiwa nguvu ya kunyanyua kata, akaishusha, akaweka mkono wake juu ya goti la mwanawe, hapo penye baka kubwa kabisa, akaacha umekaa pale.

Nje nilisikia wanasogea, wanakohoa. Jua lilikuwa linakwenda na kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa. Sauti ya shemeji ikaja karibu kabisa na pazia.

"Shemeji, watu wanasubiri. Bado?"

"Bado," nikamjibu, nikamwambia mama achote maji mengine.